Godoro Limeshuka Boko

Mimi ni mtu mzima, nina mke, watoto wawili na leseni ya udereva, lakini mpaka juzijuzi nilijua fundo moja tu: lile la kamba za viatu, nililofundishwa na dada yangu kwa makofi. Kila kilichohitaji kufungwa nilikifunga hivyohivyo. Nikiona halitoshi, naongeza la pili juu yake, na la tatu. Niliamini mafundo ni kama wapiga kura: wakiwa wengi, jambo linapita.

Siku tunahama Mwenge kwenda Bunju nilikodi kirikuu. Dereva akatoa mipira yake, ile ya tyubu iliyokatwa vipande virefu, afunge mzigo. Nikamzuia. Nilikuwa nimenunua kamba ya manila, mpya, ya buluu, inateleza kama mkunga. Godoro la tano kwa sita nikalilaza juu kabisa na kulipigia mafundo sita. Dereva akayatazama, akatazama mbinguni, akawasha gari.

Tumeshaipita Boko, bodaboda mmoja akatukimbiza huku anapiga honi. Akasogea dirishani.

“Kaka, godoro lako limeshuka kituo cha nyuma.”

Tukarudi. Tulilikuta mbele ya banda la mama ntilie, na mzee mmoja amekwisha kulikalia, anakunywa chai. Aliinuka taratibu, kama mpangaji anayekabidhi chumba. Mama mwenye banda akauliza kama mito inakuja na gari linalofuata. Kamba yangu ilikuwa nzima, haijakatika popote. Mafundo sita yote yalikuwa yamejifungua kimyakimya, kana kwamba yalifanya kikao. Dereva akachukua mipira yake, akafunga kwa dakika moja, na hakusema neno. Bora angenitukana.

Jumamosi nikaenda Bagamoyo kwa mjomba wangu, mvuvi.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Nasikia siku hizi unagawa magodoro njiani.”

Mwaka 1944 Mmarekani mmoja, Clifford Ashley, alitoa kitabu cha mafundo chenye vipengele zaidi ya 3,800, kila kimoja na namba yake. Mjomba anatumia labda mafundo manane, na kwa hayo manane ngalawa yake inakwenda na kurudi. Alinikalisha mchangani, akaniambia nifunge kama nilivyofunga godoro. Nikafunga. Akacheka mpaka akakohoa.

Kosa langu, kumbe, lilikuwa la upande. Ncha ya kulia naipitisha juu ya kushoto, halafu narudia vilevile, kulia juu ya kushoto. Fundo la hivyo linakaa upandeupande kama kofia ya mlevi, na likitikiswatikiswa linateleza. Mara ya pili unatakiwa ugeuze, kushoto juu ya kulia, ndipo linalala bapa. “Na hilo pia ni la furushi na bandeji,” akasema. “Usilitegemee kwa mzigo.” Kisha akaibinya manila yangu kwa dharau. Kamba ya makumbi inauma, alisema. Hii inacheka tu. Nilijisikia vibaya zaidi nilipokumbuka kwamba wazee wa mwambao walishona mitepe kwa kamba za makumbi, chombo kizima cha baharini bila msumari, na mimi nimeshindwa na godoro.

Baadaye akanionyesha kitanzi kisichokaza hata kikivutwa, kile cha kufungia chombo nguzoni. “Pweza anatoka pangoni, anazunguka jiwe, anarudi pangoni. Basi.” Pweza wa mjomba alirudi kwa sekunde mbili. Wa kwangu alitoka, akazunguka jiwe, akapotea. Mwingine alizunguka kidole changu, akakataa kukiacha. Jua linazama, pweza mmoja tu ndiye aliyefika kwake.

Nikarudi Bunju na wazimu. Nilifunga pazia, gunia la mkaa, mlango wa banda la kuku. Niligusa hata tai yangu, ambayo rafiki alinifungia siku ya harusi yangu na tangu hapo nilikuwa naivua kwa kuilegeza tu. Wanafizikia wawili wa Cambridge, Thomas Fink na Yong Mao, walihesabu njia 85 za kufunga tai. Mimi niligundua ya 86, nikaenda nayo kazini, na mlinzi akaniuliza kama nimeumia shingo.

Mke wangu aliona picha ya chungu cha maua kinachoning'inia kwenye wavu wa kamba, akasema, “Baba Salma, si umekuwa fundi?” Nikanunua kamba ya katani, nikasuka jioni tatu. Chungu cha kwanza kilianguka saa nane usiku. Tukadhani ni wezi. Cha pili nikaapa hakitaanguka. Kila penye fundo moja nikapiga manne, nikayalowesha maji yakaze.

Hakikuanguka. Mwezi uliopita mke wangu akataka kukishusha abadilishe udongo, na hapo ndipo tulipovunja kucha, uma na mpini wa kijiko. Mjomba alikuwa amekuja kututembelea. Akapanda kwenye stuli, akavaa miwani, akayapapasa mafundo yangu moja baada ya jingine, polepole, kama daktari.

“Mwanangu,” akasema bila kugeuka, “haya umeyafunga au umeyazika?”

Akashuka, akaomba kisu.