Tunaomba Bwawa la Kusingizia

Kwa: Mheshimiwa Mwenye Kukata na Kurudisha Umeme
Kutoka: Wananchi wa Dutwa, barabara ya Lamadi kwenda Bariadi

YAH: MAOMBI YA BWAWA DOGO LA UMEME NA MELI KWENYE MTO WETU

Mheshimiwa, kichwa cha habari hapo juu chahusika. Barua hii imeandikwa mchana, kwa sababu unazozijua.

Kwanza tukushukuru kwa miaka ile ulipokuwa na sababu. Mwaka 2022 ulikata umeme ukasema mvua hazijanyesha, mabwawa yameshuka kina. Mwaka 2023 ukarudia. Sisi ni wakulima wa pamba na dengu, Mheshimiwa. Mtu akitulalamikia mvua tunamwelewa haraka kuliko daktari. Tulitazama juu, tukatikisa vichwa, tukawasha vibatari vyetu kwa amani. Ulikata vizuri. Ukataji wako ulikuwa na adabu.

Kisha mkaenda kutuharibia. Mkajenga Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, ukuta wenye urefu unaozidi kilomita moja, mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ukawaka Februari 2024. Machi, hata miezi miwili haijaisha, tukasikia vituo vitano vya umeme wa maji vimezimwa kwa sababu umeme umezidi. Umezidi! Habari hizo tulizisoma kwenye simu iliyokuwa inakaribia kuzima, tukiwa tumekaa gizani. Maji yakipungua, giza. Maji yakizidi, giza. Sasa tuombe mvua ya kiasi gani?

Machi 2025 ndipo tulipopata mwanga, wa kuelewa tu. Ilitangazwa kwamba mikoa ya kaskazini itanunuliwa umeme wa Ethiopia, kwa kuwa wa kwetu unasafiri mbali mno na mwingine unapotelea njiani. Kumbe shida ni safari! Umeme wa Rufiji unaanza na nguvu zake, unapanda nguzo hadi nguzo, na ukifika huku kwetu hauna hata pumzi ya kugeuza feni. Hatuulaumu. Hata sisi tukishuka kwenye basi la Dar es Salaam huwa hatufai kwa kazi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tunaomba bwawa letu wenyewe. Dogo tu. Wenzetu wanayo: Jinja kule Uganda wanalo tangu 1954, nalo ndilo linaloamua maji ya ziwa letu la Victoria yatoke kiasi gani. Pale Rusumo nchi tatu zimekaa kwenye megawati 80, zikagawana, na hakuna aliyekufa kwa aibu. Sisi tunaomba mtambo mmoja. Mto upo. Mkoa wenyewe ulipoanzishwa mwaka 2012 ulipewa jina la mto. Kama Simiyu haukufai, chukua Duma, hatuchagui.

Tunajua wataalamu wako watasema mto huo ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Ni kweli. Kiangazi ng'ombe wanauvuka bila kulowesha kwato, na kina mama wanachimba mashimo mchangani, wanasubiri maji yajikusanye taratibu, kisha wanateka kwa kata mpaka ndoo ijae. Lakini njoo msimu wa mvua! Maji yanashuka na magogo, na mapaa ya watu, na mbuzi asiyejua kilichompata. Kwa siku hizo mtambo wetu utazunguka kwa kasi ya kujivunia. Siku zitakazobaki utapumzika, jambo ambalo si geni katika taasisi yako.

Na kwa kuwa siku hizi kila mradi lazima uwe na manufaa mtambuka, tunaomba bwawa liwe na njia ya meli. Bandari ya Dutwa, Mheshimiwa! Hebu ione. Gati la zege limenyooka juu ya mchanga. Mnara wa kuongozea meli, wenye taa ambayo nayo itakatika, ili nahodha ajue yuko nyumbani. Pembeni ya ukuta pajengwe vyumba vya kupandishia na kushushia vyombo kama vile vya Panama: meli inaingia, mlango unafungwa, maji yanajazwa kwa ndoo na wanakijiji kwa posho ya siku, meli inapanda, watu wanapiga makofi. Meli yenyewe isiwe kubwa. Mwanza wamejenga ya abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Sisi itutoshe ya abiria mia na marobota machache ya pamba, iteremke hadi Ghuba ya Speke, itokee Mwanza. Kiangazi ivutwe na maksai. Jozi sita zinatosha, na madereva tunao, wanalima nao tangu utotoni. Abiria wote wavae jaketi okozi hata kama wanasafiri juu ya vumbi, maana sheria ni sheria. Pawe na ofisa wa bandari, msaidizi wake, mlinzi wa msaidizi, na kibanda cha tozo ya gati. Kibanda kiwe cha kwanza kukamilika. Hilo hatuna haja ya kukusisitizia.

Faida yake ni hii. Ukikata umeme, utatangaza kwamba kina cha Bwawa la Dutwa kimeshuka. Sisi tutatembea hadi mtoni, tutachungulia, tutakuta mchanga, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu tutakuwa tumeambiwa kitu tukakiona kwa macho. Hatuombi umeme, Mheshimiwa. Tumeshazoea. Tunaomba sababu ambayo mtu mzima anaweza kumwambia mtu mzima mwenzake.

Maana tazama mashine ya kusaga. Mama amefika na debe la mahindi kichwani na mtoto mgongoni. Amelipa. Mahindi yamemiminwa juu, nusu yameshashuka, mfuko wa kitambaa umejaa upepo, unga unatoka wa moto. Mara mlio unashuka, mfuko unanywea, kimya. Nusu ya debe ni unga, nusu iko ndani ya chuma. Msagaji anagonga bomba kwa ubao, zinadondoka chenga. Mama hawezi kuondoka na hawezi kubaki. Anakaa juu ya gunia na wenzake, na jua linakwenda. Nyumbani watoto watakula michembe, kama ipo. Hakuna atakayemwomba radhi, hakuna atakayemrudishia jioni yake. Na fundi wa kuchomelea ameshika geti la mteja lililoungwa upande mmoja, na muuza samaki anainamia friji asikie harufu imefikia wapi. Hawa walilipa shilingi 27,000 wakaingiziwa umeme, wakapigiwa ngoma siku ya uzinduzi. Waliambiwa wawekeze. Wakawekeza! Nani aliwatuma?

Samahani, Mheshimiwa. Nimepaza sauti. Turudi kwenye maombi, yaliyobaki ni madogo.

Ule ujumbe wa "Mpendwa Mteja" uje kabla umeme haujakatika. Ukija baadaye simu zimezima, na mapenzi yanapotea bure.

Umeme ukirudi, usirudi na hasira. Redio na friji hazikuhusika na ugomvi wowote.

Kodi ya jengo, inayokatwa kwenye tokeni tangu 2021, nayo ipate hitilafu walau mara moja, ili tujue ni ndugu wa umeme wenyewe.

Tupangiwe kiongozi wa kitaifa wa kudumu. Tumechunguza tukaona siku za ziara taa haziguswi. Kwa hiyo aje mmoja akae. Nyumba ya kufikia tutampa, na kuku hatakosa.

Kama maombi ya bwawa yatakataliwa, tunaomba tujibiwe kwa maandishi, kwa herufi kubwa, na sababu itajwe. Tutalibandika jibu lako kwenye mlango wa mashine ya kusaga. Pale kuna watu wanaokaa muda mrefu bila kazi, na wangependa kujua jina la aliyetia saini.

Wako katika ujenzi wa taifa, saa za mchana,
Mwananchi wa Dutwa, kwa niaba ya wenzake

Nakala:
1. Wenye maksai wote, wajiandae kwa ajira ya ubaharia.
2. Wataalamu wa hali ya hewa, wajiandae kusingiziwa tena.
3. Mafundi wa nguzo wanaopanda usiku wa mvua kuunganisha nyaya. Nyie hatuna ugomvi nanyi.