Huku Ndege Hawaamiwi

Basel, mwishoni mwa Septemba

Shangazi, mimi mzima, isipokuwa pua, ambayo tangu juzi siisikii tena usoni.

Uliuliza kama kazi uliyonifunza utotoni, ya kushinda juu ya dungu nikiamia ndege, imenifaa kitu huku Ulaya. Sikiliza. Jumamosi jirani yangu wa ghorofa ya chini, mzee mstaafu, alinialika twende mlimani kutazama ndege. Nikadhani ana shamba. Tukaondoka kungali giza, tukapanda Ulmethöchi, kwenye milima ya Jura, mwendo usiofika saa moja kwa gari. Kulipokucha nikaangaza macho: mpunga hakuna, mtama hakuna, hata tuta la mchicha hakuna. Wapo wazee wenye chupa za chai, darubini shingoni na daftari. Mara kundi likatokea kaskazini. Mkono ukaenda wenyewe kutafuta kombeo, na ile sauti unayoijua ikanitoka. Wote wakanigeukia. Bibi mmoja akaweka kidole mdomoni.

Kumbe wanahesabu. Kila mwaka majira haya ndege huhama kwenda kusini, na watu hawa huacha vitanda vyenye joto ili waandike nani kapita, wangapi, saa ngapi. Nilisema wanakimbia baridi, na mimi nawaunga mkono. Mzee akakataa. Manyoya yanawatosha, akasema. Kinachowafukuza ni njaa. Baridi ikiingia wadudu hupotea, na mbayuwayu hali kingine.

Wana nyavu pia, nyembamba hata mwenyewe nilikaribia kunasa. Ndege akinasa hutolewa taratibu, hupimwa bawa, huwekwa kwenye mizani, kisha (Shangazi, kaa chini kwanza) hugeuzwa chali na kupulizwa tumboni! Manyoya yakifunguka, ngozi inaonyesha kama ana mafuta ya kutosha safari. Yule niliyemshuhudia alikuwa amenona kweli. Wakamvisha pete mguuni, wakamwachia. Nyumbani mafuta yakishaonekana, mazungumzo huhamia kwenye chumvi.

Usiwasubiri huko nyumbani korongo wa hapa, lakini. Uswisi iliishiwa kabisa na korongo weupe wanaozaliana kufikia mwaka 1950. Bwana mmoja, Max Bloesch, alikuwa ameanza mwaka 1948 kuwarudisha kule Altreu, wengine wakiletwa kutoka Algeria. Sasa wamejaa, hata kwenye bustani ya wanyama hapa mjini wanajenga viota juu ya miti bila kualikwa na mtu. Tatizo ni safari. Njia yao ni ya magharibi, kupitia Gibraltar hadi Afrika Magharibi, lakini wengi wakifika Hispania wakayaona madampo yalivyo na vyakula, hawaendelei. Ni kama yule kaka aliyeagwa kwa pilau kuwa anakwenda Afrika Kusini, akaoa Tunduma.

Korongo mnaowaona huko kwetu ni wa mashariki. Hupitia Bosphorus, Sinai, kisha hufuata Nile, kwa sababu korongo hupaa kwa hewa moto inayoinuka ardhini, na juu ya bahari kuu hewa hiyo haipo. Wazungu wenyewe zamani hawakujua ndege waendako. Wapo wasomi walioamini mbayuwayu hulala chini ya maji hadi majira ya joto. Mwaka 1822, huko Klütz, Ujerumani, akapigwa risasi korongo aliyekuwa na mkuki wa Kiafrika umepenya shingoni, naye bado anaruka. Wakamkausha, yuko Chuo Kikuu cha Rostock mpaka leo. Yaani, Shangazi, chuo kikuu kizima kinatunza kazi ya mwenzetu asiyejua kulenga.

Wakati wa chai wakaniuliza natoka wapi. Nikasema Ifakara, na hapa Basel si jina geni. Wanamkumbuka mwanasayansi wao Rudolf Geigy aliyefika kwetu mwaka 1949, na maabara iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Lakini mzee wangu hakuwaza malaria inayochunguzwa huko. Kusikia Ifakara, chai ilimmwagikia. Akanitajia kwera wa Kilombero, manjano mwenye uso mweusi, anayejenga kwenye matete ya mto wetu na asiyeishi penginepo duniani. Wanasayansi walimwandika rasmi mwaka 1990 tu. Mzee alimfuata zamani za kivuko, kabla ya daraja la mwaka 2018, akamkosa. "Wewe umewahi kumwona?" Nikamjibu kwamba sisi tuliokuwa dunguni hatukuwauliza ndege majina.

Basi anakuja tena Januari. Mwambieni Mjomba aandae mtumbwi wa kumpeleka kwenye matete, na asimpigie bei ya watalii, maana koti ninalovaa ni lake. Petroli asimdai, mtumbwi hauna injini. Na mkikuta ndege yeyote aliyekufa akiwa na pete mguuni iliyoandikwa SEMPACH, nakilini namba mnitumie. Ndiko kiliko kituo chao cha ndege tangu 1924. Wadogo wasiivae kidoleni.

Mzee anauliza pia kama kambale wa Kilombero wana miba. Nimemwambia atapata jibu kwako, sahanini.

Mwanao wa dunguni