Adha za Njia Tulivu Chini ya Pirenei

Miongoni mwa njia za hija zinazoelekea Santiago de Compostela, mji wa Hispania unaoaminiwa kuhifadhi kaburi la Mtume Yakobo, ipo moja inayokatiza vilima vya chini vya safu ya Pirenei kusini mwa Ufaransa, kutoka Carcassonne hadi Saint-Jean-Pied-de-Port, mwendo wa takribani kilomita 500, ambayo husifiwa zaidi kwa utulivu wake. Sifa hiyo ni ya haki, ila wenye kuisifu husahau kueleza kwamba pasipo na watu hapana pia wa kuulizwa njia, wa kuuza mkate, wala wa kushika ufunguo wa kanisa. Hata kitabu maarufu cha mwongozo cha karne ya 12, kilichotaja njia nne za Ufaransa na kupata wasaa wa kuwalaani wavushaji wa mitumbwi, hakikuitaja hii; yamkini mwandishi wake hakupata huko mtu wa kugombana naye.

Anayechagua vilima badala ya milima hudhani ameepuka kupanda. Mito ya upande huu, kama vile Ariège, Salat, Garonne na Adour, hushuka kutoka milimani ikielekea kaskazini, ilhali njia yaelekea magharibi, hivyo hulazimika kukatiza bonde baada ya bonde: hushuka mtoni, hupanda ukingo wa pili, na kabla jasho halijakauka huanza kushuka tena. Mpanda mlima huchoka, lakini hufika kileleni akapigwa picha. Huyu wa vilimani huchoka vilevile, na kilele anachokiona ni cha wengine, kule kusini, tena siku ambayo mawingu ya Atlantiki yameridhia kukifunua.

Njia huonyeshwa kwa mistari miwili, mweupe juu na mwekundu chini, inayochorwa kwenye miti, mawe na nguzo. Mistari hiyo ikipishana kwa umbo la msalaba, maana yake ni kwamba huko siko. Hujaji mwenye imani thabiti na usomaji hafifu aweza kuudhania msalaba huo kuwa baraka, akaufuata kwa unyenyekevu hadi kwenye malisho ya kondoo, anakolindwa kila mwanakondoo na mbwa mkubwa mweupe wa Pirenei, ambaye hulelewa zizini tangu utotoni ili ajihesabu kuwa ndugu wa kundi. Washauri husema mbwa huyu azungukwe kwa mbali, pasipo kukimbia wala kuinua fimbo, ushauri mzuri ambao humfikia hujaji akiwa tayari anakimbia na fimbo ameiinua.

Njaa nayo ina ratiba yake. Maduka ya vijijini, pale yalipo, hufungwa adhuhuri kwa saa kadhaa, na mengi hayafunguliwi Jumatatu. Kwa hiyo mwenye kufika saa saba mchana, siku hiyo hasa, hula alichobeba, na kama hakubeba, hukiona cha mtema kuni.

Katika hali hiyo ya kulowa jasho na kufunga saumu asiyoinuia, msafiri hupanda hadi kanisa kuu la Saint-Bertrand-de-Comminges, lililojengwa juu ya kilima kana kwamba vilivyotangulia havikutosha, na humo ndani hukuta mamba mkavu ametundikwa ukutani. Simulizi za wenyeji hudai kwamba aliyemshinda ni askofu Bertrand mwenyewe, ingawa namna mamba alivyofika kwenye mito baridi kiasi kile ni jambo ambalo msomaji aliyekulia kando ya Rufiji ana haki ya kulihoji.

Mbele zaidi, nyayo zikiwa zimejaa malengelenge, hufikiwa Mauléon, mji mashuhuri kwa viatu laini vya turubai vyenye soli ya kamba. Hununuliwa kwa furaha, huvaliwa papo hapo, na kwa kuwa kamba hiyo haipatani na maji, huharibiwa na mvua ya kwanza. Kisha huja Saint-Jean-Pied-de-Port, ambako njia hii hukutana na ile yenye msongamano itokayo Le Puy, na hujaji aliyenung'unika kwa wiki kadhaa kwamba hana wa kuzungumza naye hujikuta kwenye foleni ya kugombea kitanda, huku akiarifiwa na kila aliye mbele yake kwamba kesho alfajiri kuna mlima wa kweli, wa zaidi ya mita 1,400.