Muulize Shangazi: Bei Iko Wapi?

Wiki hii mfuko wa barua umejaa mafundi: wasusi, wachoraji, wachongaji na washona ushanga. Wote wamefungua duka mtandaoni na wote wanalia. Shangazi hana duka. Ana miwani, ana ulimi, na leo ana nafasi ya ukurasa mzima.

Shikamoo Shangazi. Nasuka vikapu vya ukili na kuviuza Instagram. Picha zangu zinapendwa hadi ughaibuni. Kila siku watu wanaandika "bei?", nami nawajibu "njoo inboksi". Wakija nawatajia 25,000, wananyamaza. Mmoja kaniambia Kariakoo kuna kikapu cha 5,000. Je, nimerogwa?
*Msusi Mnyonge, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Hujarogwa. Umeificha bei kama mtu anayeficha kidonda. Anayeuliza bei hadharani akaitwa chemba hudhani anaitwa kupimwa sura, na mara nyingi hakosei: mwenye jina la Kizungu hutajiwa yake, jirani yako hutajiwa yake. Iandike chini ya picha. Watakaokimbia wangekimbia tu, ila sasa watakimbia bila kumaliza bando lako.

Tuje kwenye hiyo 25,000. Uliitoa wapi? Chukua kalamu. Tuseme ukindu na rangi ni 6,000. Tuseme umesuka siku tatu, na kila siku umejilipa 10,000, ambayo si anasa. Hapo ni 36,000. Ongeza 2,000 ya kufungasha na kukipeleka stendi, na 1,000 ya bando: 39,000. Ukiuza 25,000, kila mteja unamlipa 14,000 ili akubali kukichukua kikapu chako. Ningekaa Tanga ningenunua kumi.

Huyo aliyekutajia Kariakoo mwache, kikapu hicho ni cha plastiki. Lakini usimlaumu kama hujamwonyesha tofauti. Unaposti kikapu kimekaa mezani na ua pembeni, atajuaje? Mwonyeshe ukindu ukianikwa juani, ukichanwa, ukichemka ndani ya sufuria ya rangi. Mwonyeshe vidole vikisuka shupatu, halafu sindano ikilishona ukingo kwa ukingo, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka kikapu kisimame. Aliyeyaona hayo huuliza kitachukua siku ngapi. Na akikuuliza "bei ya mwisho?", mjibu kwa adabu kwamba ni ile ile ya mwanzo.

Shangazi, nachora Tingatinga. Mteja mmoja wa Denmark aliagiza twiga wawili chini ya Kilimanjaro, akatundika sebuleni na kuposti. Tangu hapo kila oda ni twiga wawili. Hata nikichora chui anatoka na shingo ndefu. Naona ilhamu imenihama. Niache kuuza, nichore kwa ajili ya moyo wangu tu?
*Twiga Wamenikaba, Dar es Salaam*

Uache kuuza, kisha ule nini? Ilhamu kwa maharage?

Mwanangu, unabeba jina la mtu kwenye kazi yako, basi mjue vizuri. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Hakuwa na studio wala mfadhili. Alichukua vipande vya hadibodi na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, kwa kuwa ndivyo vilivyopatikana, akauza kazi zake nje ya Morogoro Stores kule Oysterbay, mahali ambapo wageni walikuja kununua mahitaji yao. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafariki. Alikuwa amechora miaka michache tu. Jamaa na wanafunzi wake wakaendelea, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika.

Umeona mahali ambapo mteja anaingia katika habari hii? Anaingia siku ya kwanza. Sanaa hii haikuharibiwa na soko, sokoni ndiko ilikozaliwa. Kinachokumaliza wewe si kuuza. Ni kwamba kila saa uliyo nayo umeiuza, hata zile ambazo hakuna aliyekuja kuzinunua.

Fanya mambo mawili. La kwanza, pandisha bei ya twiga. Oda zikipungua, umepata muda. Zisipopungua, umepata hela. Vyovyote vile unashinda.

La pili, itumie rangi yako. Unajua mwenyewe kwamba rangi ya mafuta haiharakishwi. Unapaka mandhari ya nyuma, unangoja. Unaweka mwili wa mnyama, unangoja. Ndipo madoa, ndipo nukta, ndipo ule mstari mwembamba wa jicho. Katika kungoja huko unafanya nini? Unashika simu kuhesabu waliopenda picha ya jana. Kuanzia leo weka ubao wa pili pembeni, ambao hakuna aliyeuagiza. Chora foleni ya Ubungo. Chora bajaji iliyopakia kitanda, na mwenye kitanda amelala juu yake. Usiuposti mpaka uishe, maana ukiuposti nusu, mtu wa Denmark atakuomba umwongezee twiga.

Shangazi, nachonga mpingo. Mteja wa Ujerumani kapenda kinyago cha kilo nne, lakini nauli ya kukituma imezidi bei yake. Mwingine wa huko huko aliyenunua mwaka jana anasema chake kimepata ufa, anataka hela zake.
*Mchongaji, Mwenge*

Mpingo ni mti mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama. Posta nayo inapima kilo, haipimi jasho. Kwa hiyo mizani ije kabla ya bei: pima, uliza nauli, kisha mtajie mteja bei ya kinyago peke yake na nauli peke yake. Mtandaoni weka vidogo vinavyoingia kiganjani. Mababu wa kilo kumi waache Mwenge, wanaowataka watapanda ndege wawafuate.

Halafu kuna karatasi. Tangu mwaka 2017 jamii nzima ya miti ya mpingo imo katika mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vinavyohitaji ulinzi. Kabla ya kufunga kifurushi, nenda ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu uulize mzigo wako unahitaji kibali gani. Ni afadhali foleni ya ofisini kuliko kinyago kushikiliwa forodhani Ujerumani huku mteja akikuandikia kila asubuhi.

Ama kuhusu ufa, Wazungu wakati wa baridi hupasha nyumba zao joto kwa mitambo, na hewa inakuwa kavu kweli kweli. Gogo bichi likifika humo linakauka upesi nje kuliko ndani, ndipo linapasuka. Ulijua kwamba lilikuwa bichi? Kama ulijua, rudisha hela na usininunie. Kama lilikuwa kavu, mweleze asikiweke kinyago karibu na hita, na kuanzia sasa maelezo hayo yaandike ndani ya boksi. Mti uliochukua miaka sabini na zaidi kukua haudhuriki ukikaa miezi stoo ukikauka. Mwenye haraka ni wewe.

Habari zako Shangazi. Nashona hereni za ushanga. Niliambiwa bila kuposti kila siku mtandao utanisahau. Sasa nina video chungu nzima na hereni jozi tatu. Nikishika sindano nawaza muziki wa kuweka nyuma.
*Mrembo wa Kitengela, Kenya*

Njema, binti. Umeajiriwa na kampuni ambayo haijawahi kukulipa mshahara. Omba likizo. Chagua siku moja ya juma, rekodi kila kitu siku hiyo, uzigawe zile video juma zima. Siku nyingine simu ilale chumba cha pili, nawe ushone. Hereni mbaya zikitoka, zitoke. Kuna rangi mbili ambazo hutajua kama zinapatana mpaka uziharibu mara kadhaa, na hakuna anayeharibu vizuri mbele ya kamera. Mtandao ukikusahau siku mbili, wewe utakuwa umekumbuka kazi yako. Mwenye nyumba wako hapokei wafuasi mwisho wa mwezi.

Shangazi, mteja alinitumia picha ya muamala, nikampa bodaboda mzigo. Hela mpaka leo sijaiona.
*Nimelizwa, Mwanza*

Pole. Picha ya muamala ni kazi ya sanaa, na wewe ndiye uliyeinunua. Siku nyingine tazama salio lako kwa macho yako, ndipo bodaboda awashe pikipiki. Akisema ana haraka, mwambie nawe ulikuwa na haraka ya kulipwa.

Shangazi, mume wangu anasema kufinyanga vyungu na kuviuza kwenye simu si kazi.
*Mama Chungu, Kyela*

Mkubalie. Kisha mwezi ujao usilipe umeme.

*Barua zitumwe mapema. Zile zinazoomba bei ya jumla kwa kikapu kimoja, na zile za "nichoree bure nitakutangaza", Shangazi anawashia jiko.*