Mafuta ya Nazi Hayapendi Mlima

Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Mtu wa Tanga mjini hilo halimsumbui sana, maana kwake mafuta mara nyingi ni ya kumimina tu. Lushoto iko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa saba tunavaa makoti hata jikoni. Huku mafuta ya nazi yanachokolewa kwa kijiko, na kijiko kikiwa cha plastiki, kinakatika.

Huku ndiko nilikofungulia biashara ya mafuta asilia ya ngozi. Mapishi yake hayana uchawi: nazi ya pwani, parachichi la hapa hapa, nta kidogo ya kushikiza, na mchaichai kwa harufu. Bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, nta inayeyuka ikifika nyuzi 63 hivi, unakoroga, unamimina kwenye vikopo.

Parachichi ndilo lililoleta maneno. Ili nilikamue mafuta kwa njia yangu ya nyumbani, kwanza nalipondaponda na kulianika juani, na jua letu la mwezi wa saba linatoka kusalimia tu, kisha ukungu unashuka kutoka msitu wa Magamba. Shangazi alinikuta nimesimama na sinia. "Mwanangu, chakula unakipaka magotini?" Niliporudi kutoka dukani sinia lilikuwa jeupe, na kando yake kikopo cha chumvi.

Sokoni nako kuna mtihani wake.

"Dada, yanatakatisha?"

"Hapana, yanalainisha."

"Sasa ya nini?"

Mkorogo wenye zebaki na haidrokwinoni umepigwa marufuku nchini, lakini maswali yake hayajapigwa marufuku.

Oda kubwa ilitoka Dar es Salaam. Vikopo viliondoka Lushoto vimeganda vizuri, ukivigonga vinalia. Barabara ya kushuka hadi Mombo ni kilomita 33 za kona, na kila kona joto linaongezeka. Baada ya hapo kuna Korogwe, kuna Chalinze, kuna buti la basi saa saba mchana. Mteja akanipigia: "Dada, mbona umenitumia ya kupikia?" Kilichobaki kwenye vikopo kilikuwa robo tu. Kingine kilikwenda kwa jirani wa safarini, gunia la karoti za mfanyabiashara fulani. Nasikia karoti hizo zilimeremeta ajabu na zikawahi kuisha.

Nikaongeza nta. Dar wakafurahi. Lushoto mama mmoja alizungusha kucha ndani ya kopo mpaka akachoka, akaniuliza kwa upole kama nauza mishumaa.

Wazee wetu walikuwa na jibu lao, msambu, mti wa misitu ya Usambara ambao mbegu zake hutoa mafuta mazito yasiyoyeyuka ovyo. Wataalamu wanauita Allanblackia stuhlmannii, na miaka ya 2000 hata kampuni ya Unilever ilizifuata mbegu hizo kwa ajili ya siagi ya kupaka mkate. Sasa jaribu wewe, mwenye sufuria moja, kugombea mbegu na Unilever.

Tangu 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango (TBS), na lebo nayo inataka adabu: viambato, tarehe, namna ya kuhifadhi. Niliandika "Weka mahali pa baridi." Shangazi akaisoma, akatazama ukungu dirishani, akaniuliza kama kuna mahali pengine.

Kwa hiyo vikopo sasa ni vya aina mbili: kifuniko cheupe cha mlimani, nta kidogo; na kifuniko cha bluu cha pwani, nta nyingi. Bei ni moja. Na ninyi wa Soni, mlioko katikati, nunueni vyote viwili mchanganye wenyewe.