Mabingwa wa Kitako cha Nyanya

Katika bustani za nyumbani za Dar es Salaam, wataalamu huchipua haraka kuliko mchicha, hasa nyanya zinapopatwa na uozo wa kitako, yaani doa jeusi lililobonyea upande wa tunda usio na kikonyo. Mmoja huagiza dawa ya ukungu, ingawa tatizo hilo halisababishwi na ukungu wala mdudu. Mwingine, kwa sauti ya profesa, huamuru maganda ya mayai yafukiwe shinani, nayo huchukua miezi mingi kumeng'enyeka, ilhali nyanya zenyewe zimekwisha tupwa jaani. Chanzo halisi ni upungufu wa kalsiamu ndani ya tunda, madini ambayo husafiri pamoja na maji kutoka mizizini, na ambayo mara nyingi yamo tele udongoni ila hayafiki yanakotakiwa, kwa kuwa mwenye bustani humwaga ndoo tatu Jumapili, kisha akasahau hadi Ijumaa. Ushauri wa kumwagilia kwa kiasi kilekile na kutandaza nyasi kavu shinani haumpatii mtu yeyote mteja, ndiyo maana hutolewa kwa nadra.