Kikao cha Mchana Kiloleli

Mashimo yote ya Kiloleli yalichimbwa na Bibi Mhanga. Alichimba usiku, akifuata mchwa kwenye vichuguu vya ule mwinuko wa kichanga, na shimo alilomaliza kulitumia hakulifukia. Ngiri aliingia moja na wanawe. Nungunungu akachukua jingine, nguchiro wakajazana katika la tatu, na hata Fisi, kabla hajapata cheo, alizaliwa ndani ya shimo la Bibi Mhanga. Hakuna aliyelipa kodi. Sharti lilikuwa moja: umpe mchimbaji habari kwamba umeingia, na usimzibie njia ya vichuguuni.

Mtemi Simba alipohamishia baraza lake Kiloleli, mwinuko ukageuka mali. Tembo alipasua barabara pana. Nyumbu waliozoea kupita wakaanza kusimama. Mtemi akatangaza kwamba Kiloleli sasa ni mji, na mji lazima upimwe. Watu wa Simiyu, ambao mkoa wao ulianzishwa mwaka 2012 na makao yake makuu kuwekwa Bariadi, wanajua kinachofuata popote panaposhuka makao makuu: ofisi zinataka viwanja, watumishi wanataka nyumba, na shamba la mtama lililokuwa mbali linajikuta ndani ya mchoro.

Kazi ya kupima alipewa Karani Tamba, ndege wa miguu mirefu mwenye manyoya yaliyochomoza kisogoni kama kalamu. Alitembea mchana kutwa akihesabu hatua na kusimika mawe ya mipaka. Kila shimo alilifikia akapiga hodi. Ngiri alikuwa malishoni. Bibi Mhanga na Nungunungu walikuwa usingizini, maana wao ni wa usiku. Karani akaandika: "Eneo wazi. Hakuna mwenyeji."

Kikao cha kupitisha mchoro nacho kiliitishwa mchana, mwezi wa Machi. Mwenyekiti alikuwa Fisi. Mbweha alikuja kwa udalali wake, na Korongo Weupe walikuja kwa wingi kwa kuwa walikuwa wanajikusanya kurudi Ulaya. Mikono ikanyooshwa, mchoro ukapita.

Usiku ule Bibi Mhanga alijikwaa kwenye jiwe mlangoni kwake. Alfajiri akamfuata Karani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Jiwe hili mlangoni kwangu ni la nani?"

"La kiwanja namba kumi na saba, bibi. Bei yake vikapu arobaini vya kumbikumbi, ndani ya siku tisini."

"Nilinunue shimo nililolichimba mwenyewe?"

"Bibi, kwenye mchoro shimo halipo."

"Basi nilipeni fidia niondoke."

"Tathmini imeshafanyika. Shimo ni upungufu wa udongo. Upungufu haulipwi."

Siku tisini kutoka Machi zinaishia Juni, kiangazi, na kumbikumbi hutoka mvua zinapoanza. Wenyeji walikuwa wamemaliza akiba yao. Korongo walikuwa nayo, kwa sababu walishawadaka msimu mzima, wakalipa siku hiyohiyo. Mkulima wa pamba anaielewa hesabu hii bila kufundishwa: fedha yake huingia msimu wa ununuzi, na ilani ya malipo ikimkuta nje ya msimu, anaitwa mshindwa wakati deni lenyewe limepangwa na asiyemjua.

Viwanja bora ishirini vikawa vya Korongo. Ndege hawa huja karibu na Novemba na huondoka karibu na Machi. Viota vyao viko Ulaya, juu ya mapaa na minara, na hapa Kiloleli hawajataga hata yai moja. Viwanja vyao vikaota migunga. Mbweha akawa anavikodisha kwa usiku mmoja mmoja.

Wenyeji walioshindwa kulipa wakashuka mbugani. Udongo wa mbuga ni mweusi, wa mfinyanzi. Kiangazi unapasuka nyufa. Mvua ikinyesha unavimba, unashika maji, haupitishi. Wasukuma hulima mpunga humo katika majaruba, na nyumba zao huzipandisha juu ya mchanga. Bibi Mhanga alilijua hilo kuliko yeyote, lakini juu alikuwa amefukuzwa. Mvua za kwanza ziliporudi, mashimo mapya yalijaa kabla hakujakucha. Nungunungu alitoka na mtoto mmoja. Wawili walibaki ndani.

Mtemi alipopewa habari aliuliza kwa nini wamejenga mabondeni. Swali hili linakera. Anayejenga kwenye mkondo wa maji anauona mkondo. Muulizeni nani alishika ardhi kavu, na kwa bei gani.

Msiba peke yake haukubadilisha kitu. Kilichobadilisha ni mimba ya Mwenyekiti Fisi. Alitafuta shimo la kuzalia mjini kote, akakuta ya zamani yameporomoka au yana kodi, na mapya hakuna, kwa kuwa fisi hupenda kuingia lililochimbwa na mwingine na mchimbaji hayupo. Ndipo kikao cha pili kikaitishwa, safari hii usiku.

"Pimeni," alisema Bibi Mhanga, "lakini mpime kila mmoja akiwa mlangoni kwake."

Karani Tamba alianza upya. Mashimo yakaandikwa kwanza, barabara zikapinda kuyafuata. Malipo yakasogezwa hadi msimu wa kumbikumbi. Kiwanja kisichojengwa kikarudi kwa baraza. Watoto wa Nungunungu hawakurudi.

Ndugu msomaji wa Kiloleli, wa Bariadi, wa kila kijiji ambacho mji unakisogelea: Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, inataka anayeondolewa kwenye ardhi yake alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Sheria ya Mipango Miji, Na. 8 ya 2007, inaitaka mamlaka ya upangaji iwaite wenye ardhi wa eneo husika kabla ya kulipanga. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mwanakijiji mtu mzima, mwenye hati na asiye nayo. Nenda. Omba mchoro uwekwe mezani na utafute nyumba yako ndani yake. Ikiwa haimo, simama useme kabla mikono haijanyooshwa, na hakikisha maneno yako yameandikwa kwenye muhtasari.